Unakwea pipa? Kilo 23 hizo ni zako, si za ukoo mzima!

Wiki hii naongea na wewe ambaye viza imeshagongwa, tiketi iko mkononi, na mtaa mzima kuanzia Gerezani mpaka huku kwetu Feri unajua kwamba mwezi ujao unakwenda majuu. Hongera zako. Lakini kabla hujafunga zipu nina swali moja tu: hilo begi unalifunga kwa ajili ya nani?

Usicheke, swali lina maana. Siku ukiwa na nafasi nenda uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, lile jengo la tatu lililofunguliwa mwaka 2019, usimame karibu na mizani uangalie sinema ya bure. Utamwona sista duu kapiga magoti sakafuni, begi liko wazi, ukoo umemzunguka kama msibani. Mzani unasema kilo 31, tiketi inasema 23. Unatolewa unga, unatolewa mchele wa Kyela, kinatolewa kinyago cha Mwenge cha kumpelekea bosi wa binamu. Mama mdogo anakuja juu kwamba achari yake isiguswe. Mwishowe kinachobaki Dar ni nini? Sweta la msafiri mwenyewe!

Hilo ndilo tatizo letu Wabongo. Tunafunga begi kwa ajili ya wanaotusindikiza na wanaotupokea, mwenye safari anasahaulika. Wanaotusindikiza tunataka watuone na begi lililotuna, wanaotupokea tunataka waone hatukuja mikono mitupu. Wewe utakayeamka kesho yake kwenye chumba cha baridi, hujui basi linapita wapi wala duka liko wapi, umefungiwa nini humo ndani?

Basi leo tufunge begi upya, kilo kwa kilo. Nasema 23 kwa sababu ndio uzito wa begi moja unaotajwa sana kwenye tiketi. Kuna mashirika yanatoa 30, mengine yanakupa mabegi mawili, na begi la mkononi wengi wanataka lisizidi kilo 7. Soma tiketi yako mwenyewe, usimsikilize mshikaji aliyesafiri mwaka juzi na ndege nyingine.

KARATASI HAZINA UZITO

Cha kwanza kufunga ni kile ambacho hakiongezi hata nusu kilo: karatasi. Pasipoti yetu ya kielektroniki ilianza mwaka 2018, ada yake ni Sh 150,000 na inadumu miaka 10. Sasa kuna watu wanaiangalia picha tu kama wametoka vizuri, hawaangalii tarehe ya mwisho. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe imebakiza angalau miezi sita. Ikiwa imebakiza minne unaweza kurudishwa ukiwa umeshaaga mpaka kwa mjumbe. Aibu hiyo utaificha wapi?

Pamoja na pasipoti weka cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya Baraza la Mitihani, cheti cha ndoa kama unacho, barua ya chuo au mkataba wa kazi, na kadi ya njano ya chanjo. Hiyo kadi ya homa ya manjano, tangu Julai 2016 chanjo moja inatambulika maisha yako yote, kwa hiyo usikubali kudanganywa kwamba ya zamani imeisha baada ya miaka 10. Kwa wale wa Uingereza wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi sita, cheti cha kipimo cha kifua kikuu ulichoombea viza usikiache kwenye droo. Kibebe.

Hivi vyote vinakaa begi la mkononi, sio lile kubwa! Begi kubwa lina akili zake. Wewe unaweza kushukia Istanbul, lenyewe likaamua kwenda Johannesburg. Likichelewa siku tatu utakosa nguo ya kubadilisha, lakini huwezi kumwambia ofisa wa uhamiaji kwamba barua ya chuo iko njiani inakuja.

Halafu pita stesheni yoyote pale Kariakoo, toa kopi za kila kitu seti tatu. Seti moja weka begi kubwa, moja mwachie mama au dada unayemwamini, ya tatu waambie waiskani ujitumie kwenye barua pepe yako. Gharama yake haifiki hata bei ya chipsi kuku, na siku ukiibiwa pochi kwenye treni ya watu utanikumbuka.

Kama una leseni ya udereva usiione takataka. Pale Uingereza mgeni anaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya kwao kwa miezi 12 ya mwanzo, na wenzetu wale wanapita kushoto kama sisi. Wengi wanaiacha nyumbani, halafu wanaanza kuhangaika kutumiwa.

Na kuna karatasi moja ambayo vijana wa siku hizi hawaiamini kabisa: namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu. Kila kitu kiko kwenye simu, sawa. Simu ikizima je? Andika namba ya anayekupokea, anuani kamili ya unakofikia, namba ya mtu wa nyumbani na namba ya ubalozi wetu wa nchi hiyo. Ikunje, iweke mfukoni. Ile laini yako ya Bongo nayo usiitupe, maana namba za siri za benki zitaendelea kuja huko huko.

Kuhusu mapene, usiweke zote pochi moja. Weka za kutosha wiki ya kwanza ziwe noti ndogondogo, kwani dereva wa basi hana chenji ya dola mia. Na kama wewe ni wa mkwanja mrefu, kumbuka kwamba dola 10,000 na kuendelea unatakiwa kuzitolea taarifa forodha wakati wa kutoka hapa. Wengi wetu hilo halituhusu, lakini huwezi jua.

KOTI LINALORUDI KWAO

Sasa mavazi. Hapa ndipo mabishoo wanapoharibu. Mtu anakwenda Kanada mwezi Januari kabeba jinzi sita, raba nne nyeupe na mashati ya kung'aa, eti akaue. Ataua nani mwenzangu, na watu wote wamejifunika mpaka pua?

Baridi ya kule haishindwi na koti moja zito. Inashindwa na nguo tatu zilizopangwa: ya ndani inayobana mwili, ya katikati ya joto kama sweta, na ya nje inayozuia upepo na maji. Ukiingia ndani ya jengo, ambako wanawasha joto kama la Magomeni mwezi wa pili, unavua moja moja. Ukiwa na koti moja tu chini yake fulana, utakuwa ama unatetemeka ama unatoka jasho.

Koti lenyewe usiende kulinunua duka la vioo. Nenda Karume, pale Mchikichini, ambako soko liliungua Januari 2022 na wafanyabiashara wakarudi kupanga mabanda. Kwenye marobota ya mitumba yamo makoti ya baridi yaliyotoka huko huko unakokwenda. Dar nani ayavae na jua hili? Wateja wake wakubwa ni waendesha bodaboda wa alfajiri. Koti limevuka bahari kuja kwetu, wewe unalirudisha kwao. Kagua zipu, kagua mifuko, lifue mara mbili. Siku ya safari livae au libebe mkononi, kwa sababu mzani unapima begi, haupimi ulichovaa. Hivyo hivyo viatu vizito, vivae.

Ila viatu vya theluji kabisa, vile vyenye soli ya kushika barafu, nunua huko huko. Huku tunavinunua kwa kubahatisha, na kuteleza barafuni si mchezo.

Wa Uarabuni nao wasijidanganye kwamba wao ni wa joto kwa hiyo kanga mbili zinatosha. Muscat mwezi wa sita jua linavuka nyuzi 40, kweli. Lakini ndani ya nyumba, dukani na kwenye gari wamewasha viyoyozi utadhani jokofu la samaki pale Feri. Weka sweta jepesi. Madera ya Kariakoo yanafaa sana, ni mepesi, yanakunjika na yana heshima.

Kanga usiache, hata kama ni moja. Hicho ndicho kitu pekee nchi hii iliyokupa ambacho ni shuka, taulo, pazia, mtandio na faraja, vyote kwa uzito wa gramu chache. Kaka nawe usione haya, kikoi kinafanya kazi hiyo hiyo.

DAGAA RUKSA, EMBE HAPANA

Tumefika kwenye chakula, eneo la ugomvi wa ukoo. Mama anaamini kabisa kwamba majuu hakuna chakula. Mama zetu tunawapenda, ila tuambizane ukweli: London na miji mingine mikubwa ina maduka ya Waafrika na Wahindi, unga upo, mchele upo, maharage yapo, tui la kopo lipo. Kubeba kilo tano za unga kuvuka bahari ni kuwapa ndege kazi ya lori.

Halafu kuna sheria za watu. Umoja wa Ulaya hautaki abiria kutoka nchi kama yetu aingie na nyama wala vitu vya maziwa. Samli ya bibi, nyama ya kukausha, soseji, vyote vinaishia kwenye pipa la taka mbele ya macho yako. Matunda mabichi nayo, tangu Desemba 2019, karibu yote yanataka cheti cha afya ya mimea. Yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Maana yake embe dodo ulilolificha ndani ya soksi ni kosa, nazi iliyokaa waziwazi ni ruksa!

Sasa furahini watu wa Feri. Samaki wanaruhusiwa! Abiria anaingia Ulaya na samaki wa kula mwenyewe mpaka kilo 20, akiwa mbichi tu awe ametolewa utumbo. Asali nayo inapita, mwisho kilo 2, kwa hiyo ile ya Tabora isikutie wasiwasi. Kwa hiyo kama ni kubeba ladha ya nyumbani, beba dagaa wa Kigoma waliokauka vizuri. Ni wepesi, hawaharibiki na hutawapata kirahisi huko. Lakini wafunge mara tatu, nakuomba! Mfuko ndani ya mfuko ndani ya chombo cha mfuniko. Bila hivyo hata koti lako litakwenda kazini linanuka mnada.

Viungo vikavu kutoka Unguja, majani ya chai na bizari ya pilau ni vyepesi na vinabadilisha sufuria nzima. Achari na mafuta ya nazi viende begi kubwa, kwa sababu begi la mkononi viwanja vingi bado vinataka kila chupa isizidi mililita 100. Pilipili ya mama mdogo ya nusu lita itachukuliwa pale ukaguzi, na hakuna wa kumlilia.

Kwa wanaokwenda Marekani kanuni ni moja tu: ukiulizwa una chakula, sema ndiyo, kitaje. Kilichotajwa kikikataliwa kinatupwa, yamekwisha. Kilichofichwa kikionekana kuna faini, na jina lako linabaki kwenye mashine zao.

Na huku kwetu Feri kuna wale jamaa wauza makombe, mazuri kwelikweli, wageni wanayapenda. Angalia usije ukayachukua kama zawadi bila kuuliza. Matumbawe na yale makombe makubwa ya baharini yako kwenye mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe, bila kibali unaweza kuonekana mhalifu kwa ajili ya pambo la mezani.

NYWELE, DAWA NA SOKETI

Dada zangu, suka kabla ya safari, tena suka zinazodumu. Kusukwa majuu bei yake inaweza kukutoa machozi kuliko uchungu wa kusukwa kwenyewe. Pakiti za rasta za Kariakoo ni nyepesi, weka tano sita. Akina kaka, mashine yenu ya kunyolea bebeni, lakini someni kwanza haya yafuatayo.

Umeme wetu ni volti 230. Wa Marekani ni 120. Chaja ya simu imeandikwa 100 mpaka 240, hiyo inafanya kazi kote. Pasi, kikaushio cha nywele na vitu vingi vya kupasha moto vya huku ukivipeleka Marekani vitakuwa vuguvugu tu. Viache. Uingereza, Oman na Falme za Kiarabu soketi zao ni za miguu mitatu ya bapa kama zetu, hakuna haja ya kununua chochote. Ulaya bara ni matundu mawili ya mviringo, Marekani na Kanada ni bapa mbili nyembamba, Sauzi ni mitatu minene ya mviringo. Kibadilishio kimoja kutoka maduka ya umeme ya Kariakoo kinamaliza kazi. Pawabanki iende begi la mkononi tu. Begi kubwa hairuhusiwi, kwa sababu ya hatari ya moto.

Dawa: zibaki kwenye pakiti zake zilizoandikwa jina, pamoja na cheti cha daktari kwa Kiingereza. Usizimwage zote kwenye kopo moja kama karanga. Na tahadhari kwa wa Dubai: dawa zenye kodeini, zikiwemo baadhi ya dawa za kikohozi na maumivu, pamoja na tramadoli, kule ni dawa za kudhibitiwa. Bila kibali cha mamlaka zao unaweza kulala ndani. Mirungi ndio usiifikirie hata kidogo. Hapa kwetu ni haramu, na Uingereza waliipiga marufuku Juni 2014.

MZIGO WA MTU

Sasa tuache utani kidogo, maana hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Unajua jina la Kariakoo limetoka wapi? Limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kambi yake ilikuwa eneo hilo. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walibebeshwa mizigo ya vita ambayo haikuwa yao, na wengi hawakurudi. Tunakanyaga jina hilo kila siku tunapokwenda kununua begi la safari, halafu tunakubali kugeuzwa wapagazi upya.

Anakuja mtu siku mbili kabla ya safari. Anatabasamu, ni rafiki wa shemeji, au jirani wa zamani. "Mdogo wangu, nisaidie kumfikishia ndugu yangu hivi viatu tu." Au ni kopo la losheni, au pakiti ya majani ya chai iliyofungwa vizuri mno. Wewe kwa kuona haya unapokea, kwa sababu kukataa ni kuonekana unaringa. Mwingine anakuja na ofa kabisa: tiketi juu yangu, hoteli juu yangu, wewe peleka begi.

Mwaka 2013 padri mmoja aitwaye John Wotherspoon, aliyekuwa akiwahudumia wafungwa wa Hong Kong, alisambaza barua za wafungwa, wakiwemo Watanzania, waliokamatwa na dawa za kulevya. Barua zile zilikuwa za kuonya wenzao nyumbani wasikubali kubeba. Walioziandika walikuwa na umri kama wangu na wako. Hong Kong adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. China bara, Singapore na Indonesia sheria ina adhabu ya kifo. Hapa nyumbani nako, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inabeba mpaka kifungo cha maisha.

Na pale uwanjani utaulizwa: begi hili umelifunga mwenyewe? Ukishajibu ndiyo, kila kilichomo ni chako. Hakuna hakimu atakayemtafuta rafiki wa shemeji yako.

Kwa hiyo weka sheria yako mapema na uitangaze: mzigo wa mtu sipokei. Kama ni wa mama mzazi, ufunguliwe, utolewe nje, ushikwe, upekuliwe mpaka soli, halafu uufunge wewe. Wa mtu mwingine, mwambie kistaarabu kwamba kilo zimeisha. Hapo ndipo utaona utamu wa kilo 23: ni sababu ya kukataa isiyomvunjia mtu heshima. "Dada samahani, mzani umejaa." Akikasirika, akasirike. Aliye na nia njema ataupeleka kwa kampuni za vifurushi, aandike jina lake mwenyewe.

KWA DADA ZETU WA UARABUNI

Wasichana wengi wa mjini na wa mikoani wanakwenda Oman na Falme za Kiarabu kufanya kazi za ndani. Wapo waliofanikiwa, wamejenga, wamesomesha. Muscat hata Kiswahili utakisikia, kwani Waomani wengi wana asili ya Unguja na Pemba na lugha hawajaiacha. Lakini wapo waliopata soo kubwa.

Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani katika nchi hizo. Karibu wote walisema pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri au mawakala. Wapo waliosema walifanya kazi mpaka saa 21 kwa siku.

Kwa hiyo dada, begi lako ni tofauti na la mwanafunzi. Kwanza, usiondoke kupitia kwa mtu wa kijiweni. Uliza kwa Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, kama wakala anayekupeleka ana leseni. Pili, mkataba usomewe kwa lugha unayoielewa kabla ya kuweka saini, na kopi iwe mbili, moja yako na moja ya nyumbani. Tatu, kopi ya pasipoti ishonee ndani ya pindo la begi la mkononi, na nyingine iwe kwenye barua pepe. Pasipoti yenyewe ikichukuliwa, kopi itamwonyesha ofisa wa ubalozi kwamba wewe ni nani. Nne, namba ya ubalozi wetu usiiandike tu, ikariri kichwani kama ulivyokariri namba ya mchumba. Tano, kubaliana na mtu wa nyumbani neno moja la siri. Ukilitaja kwenye simu, hata kama mwajiri amesimama pembeni, ajue kwamba mambo si mazuri.

Neno la siri halipimwi kwenye mzani. Linaweza kuwa kitu cha maana kuliko vyote ulivyobeba.

WA BILA BEGI

Siwezi kuandika kuhusu safari nikiwa Feri nikawasahau wale wanaokaa ufukweni wakihesabu meli. Kuzamia ni hadithi ya zamani ya bandari yetu. Mwandishi Sean Christie alitoa kitabu mwaka 2016 kuhusu vijana wa Kitanzania wanaoishi chini ya madaraja karibu na bandari ya Cape Town, wakisubiri meli ya kuzamia. Hawana begi, hawana karatasi, hawana jina linalojulikana kwa yeyote ndani ya meli.

Na asiye na jina anaweza kufanywa lolote. Mwaka 1992 ndani ya meli MC Ruby walikutwa wazamiaji tisa wa Kiafrika. Mabaharia waliwaua wanane. Aliyesalimika ni mmoja tu, Kingsley Ofosu wa Ghana, ambaye alijificha mpaka meli ikafika Ufaransa akasema. Kwa hiyo mshikaji unayesoma gazeti hili huku unaangalia meli inakatiza mbele ya Magogoni, nakuambia kama ndugu: anza na pasipoti. Ni ndefu, ina foleni na inaudhi, lakini itakuweka hai.

HESABU YA MWISHO

Haya, tufunge begi. Begi lenyewe tupu linakula kilo 4. Nguo za kuvaa kilo 8. Viatu jozi moja ya ziada, kilo 2. Chakula na viungo kilo 4, dagaa wakiwemo. Vya kuogea, rasta na dawa, kilo 2. Zawadi kwa anayekupokea kilo 1, ni adabu. Zinabaki kilo 2, ziache wazi. Ndiyo, wazi! Mama lazima atatokea na kitu dakika ya mwisho, na hicho hutakikataa.

Siku ya kurudi Bongo kumbuka kitu kimoja. Zile rambo za plastiki za dukani zilipigwa marufuku hapa tangu Juni 1, 2019, usije ukashuka nazo umejaza zawadi, zitaachwa uwanjani. Beba mfuko wa kitambaa.

Lakini kurudi bado. Kwanza nenda. Pima begi nyumbani jioni ya kabla ya safari. Kama huna mzani, muombe muuza nyama wa mtaani akuwekee kwenye wa kwake, atacheka lakini atakupimia. Ukifika salama, piga simu nyumbani kabla hujapiga picha.

Safari njema, tukutane wiki ijayo!